Bi Mkubwa wa Jumatano

Kwa miezi kadhaa nilisuluhisha ugomvi wa wake wenza wawili, na nilijivunia sana kazi hiyo, nisijue kwamba wote wawili walikuwa mtu mmoja. Nasema mapema ili anayetaka kunicheka aanze sasa, tusije tukasubiriana.

Mimi ni muuguzi wa wazee. Nilizaliwa katika kambi ya polisi hapa Kampala, baba yangu askari kutoka kaskazini, mama yangu Mwislamu wa mjini, na Kiswahili kilichonilea ni kile cha kambini, ambacho hakina subira na viambishi. Kuandika nimejifunza ukubwani, na hata sasa kuna rafiki yangu mwalimu anayenisafishia sentensi kabla hazijatoka nje.

Kliniki yetu iko Kamwokya, nyuma ya soko, ukuta mmoja na studio ya muziki. Watu wa studio hawakuwa wabaya, ila besi lao lilipita ukutani kama vile ukuta ni pazia. Ukimwekea mzee kipimo kifuani usikie moyo, ulichosikia ni ngoma. Kwa hiyo wagonjwa wetu wote walikuwa na mapigo ya moyo ya namna moja, na wimbo ukibadilika, nayo yalibadilika. Tulipozidiwa tulikwenda kugonga mlango tukaomba wapumzike kidogo. Wakikubali, tulikimbilia vifua vya wazee kama watu wanaoanua nguo mvua inakuja.

Nilipoanza kazi pale nilimrithi muuguzi aliyekuwa ameolewa akahamia mbali. Miongoni mwa wagonjwa alioniachia walikuwa wajane wawili wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na duka la vitambaa Nakivubo. Ukoo wao ni wa wale Waislamu waliokuja na biashara kutoka pwani zamani za mababu, wakazaana hapa, wakasahau njia ya kurudi. Marehemu aliwaacha wajane wake katika nyumba moja, na watoto walipokwisha kuoa na kuolewa, wakabaki wenyewe kwa wenyewe. Mjini kote walijulikana kwa vyeo vyao tu: Bi Mkubwa na Bi Mdogo, ingawa Bi Mdogo mwenyewe alikuwa ameshapita miaka sabini.

Bi Mdogo alikuja kliniki Jumatatu, kwa sababu ya presha. Alikuja na dera la maua makubwa na mtandio uliokuwa ukimponyoka kila alipocheka, na alicheka muda wote. Alimjua kila mgonjwa, na mjukuu wa kila mgonjwa, na kilichompata mjukuu. Besi la studio lilipoanza, mabega yake yalianza nalo. Alinipokea vizuri, ila Kiswahili changu kilimpa kazi.

"Musawo," aliniambia siku ya kwanza, maana hapa Kampala kila mwenye koti jeupe ni musawo, "hicho Kiswahili umekiokota wapi?"

"Kambini, mama."

"Nilidhani. Kinanusa buti."

Bi Mkubwa alikuja Jumatano, kwa sababu ya sukari. Huyo alikuwa mtu mwingine kabisa. Alifunikwa buibui jeusi hadi chini, nikabu usoni, na juu ya nikabu miwani myeusi, kwa kuwa, alisema, jua linamchoma macho. Alitembea na mkongojo. Alikohoa kabla ya kila sentensi na mara nyingine katikati yake, na sauti yake ilitoka nyembamba na ya mbali, kama mtu anayeongea kutoka ndani ya chungu. Mimi mwanamume siwezi kumwambia mama wa watu afunue uso, na sukari haipimwi usoni. Alinyoosha kidole kupitia mkono wa buibui, nikadunga, akatoa shukrani, akakohoa, akaenda zake.

Alichokuwa hodari nacho Bi Mkubwa huyu ni kumsifu mwenzake. Kila Jumatano nilimuuliza habari za nyumbani, maana katika kazi yetu mzee hatibiwi peke yake, anatibiwa pamoja na nyumba yake. Naye alikohoa, akasema:

"Mimi ningekuwa nimekwisha kufa, kama si yule mdogo wangu. Nyie mnamwona anacheka mkadhani hana akili. Ana akili kunishinda. Na pilau lake, musawo, marehemu alikuwa akilisikia harufu anafunga duka."

"Mashallah," nikasema.

"Na uzuri. Mpaka leo bado ana shingo."

Sasa Jumatatu akija Bi Mdogo, nikimuuliza yeye habari za mwenzake, hadithi ilikuwa tofauti. Bi Mkubwa anakoroma. Bi Mkubwa anaficha halua chini ya mto, sisimizi wamehamia kitandani. Bi Mkubwa anasikiliza redio mbili kwa wakati mmoja, moja ya mawaidha na moja ya mpira. Niliona jambo hili haliko sawa. Mmoja anasifu, mwingine anasengenya. Moyoni nilimhurumia yule mama mnyonge wa Jumatano.

Jumatatu moja nikajitia moyo. Nilimketisha Bi Mdogo, nikamwambia kwa Kiswahili chetu cha kambini:

"Mama, wewe nakosea sana. Wewe nasema mwenzako vibaya, lakini Bi Mkubwa nakusifu."

"Nani ananisifu?" akauliza. "Wewe au yeye?"

"Yeye. Yeye nakusifu."

"Basi sema 'anakusifu'. Ukisema 'nakusifu' ni wewe unayenitongoza, na mimi nina eda ya moyo."

Nikarekebisha. Nikamwambia anakusifu, kila Jumatano anakusifu, mpaka mimi kijana wa watu naona aibu.

"Ananisifu vipi?" akauliza, akisogeza kiti.

Nikamweleza akili, nikamweleza pilau. Akataka nirudie pilau. Nikarudia. Akauliza kama hakuna kingine, nikakumbuka shingo, nikaitaja kwa heshima. Hapo akajifunika uso kwa mtandio na mabega yakaanza kutikisika, na studio ilikuwa kimya. Nikajua nimemgusa. Nilimpa maji nikamwambia taratibu kwamba machozi ya toba ni dawa.

Jumatano iliyofuata Bi Mkubwa alikuja na habari njema. Mdogo wake amebadilika, amemkanda miguu, amemwomba radhi. "Sijui ni nani aliyesema naye," alisema akikohoa, "lakini Mungu amlipe."

Sikusema ni mimi. Nilirekebisha kola tu.

Kuanzia hapo nikawa mtu wa suluhu. Nilibeba salamu kutoka Jumatatu kwenda Jumatano, na majibu kutoka Jumatano kwenda Jumatatu. Nikisikia wenzangu kazini wanalalamika kuhusu familia za wagonjwa, nilikunja mikono nikawaambia kila kitu ni namna ya kuongea na watu.

Na daktari wetu naye alikuwa na furaha yake. Huyu alikuwa daktari wa wazee, Mganda, mtu mpole, mwenye tai fupi na mapenzi makubwa ya mikutano. Kwa wajane hawa alipenda kujaribu Kiswahili, na herufi zake zilibadilishana viti kwa namna ya nyumbani kwao. Kabla sijaajiriwa muuguzi wa zamani alimpima Bi Mkubwa mara moja; daktari akasoma majibu kwamba sukari imepanda, akaamua kwanza asimpe vidonge, ajaribu kutembea asubuhi na kupunguza vitu vitamu. Tangu nianze mimi kupima, sukari ya Bi Mkubwa ilikuwa ya msichana. Daktari akaitazama akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Unaona?" aliniambia. "Hakuna dawa. Ni kutembea tu. Sukali yake ni nzuri kira siku. Kweri, huyu mama lazima watu wamwone."

Watu aliotaka wamwone ni watu wa kazi yetu: wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo, watu wa ustawi wa jamii, wote wanaohudumia wazee mjini. Aliwaandalia mkutano katika ukumbi mmoja kule Kyambogo. Bi Mkubwa angepimwa sukari mbele yao, na Bi Mdogo angesimama kama mfano wa jamaa anayemtunza mgonjwa nyumbani. Mimi nikapewa kazi ya kuwaalika.

Jumatatu nikamwambia Bi Mdogo. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka.

"Wote wawili?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Siku moja?"

"Siku moja."

"Ukumbi mmoja?"

"Mkae kiti kwa kiti, ili watu waone mapenzi yenu."

Kisha akasema kwamba yeye angeweza kwenda leo na mwenzake akaenda keshokutwa, ingekuwa vizuri zaidi, watu wasichoke. Nikamwambia mkutano ni siku moja tu. Akasema kwa unyonge, "Basi Mungu mkubwa."

Siku ya mkutano nilifika mapema kupanga viti. Jua lilikuwa kali, na njiani nilikuwa nimekula rolex, ile chapati ya kuviringishiwa mayai, yangu ikiwa na mayai mengi, na kuishushia soda, kisha soda ya pili kwa ajili ya ile ya kwanza. Wageni walipoanza kujaa, teksi ikasimama nje, wakashuka wanawake wawili, wote kwa buibui jeusi, wote kwa nikabu, wote kwa miwani myeusi.

Mmoja alikuwa na mkongojo, ila alikuwa ameuweka begani kama jembe. Aliponiona akaushusha haraka, akakohoa.

"Mimi ndiye Bi Mkubwa," akasema kwa ile sauti ya chunguni.

Wa pili alikuwa mpana, mfupi, akipumua kwa sauti. Wa kwanza akamgusa kwa kiwiko.

"Na mimi," akasema yule mpana, kisha akavuta pumzi ndefu kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, "nasemekana ni mdogo."

Nikashangaa kidogo kwamba Bi Mdogo leo amejifunika, na amenenepa tangu Jumatatu, lakini nikadhani ni heshima ya ukumbi na wingi wa nguo. Tulipofika kwenye jukwaa, Bi Mkubwa mgonjwa alipanda ngazi kama mbuzi. Bi Mdogo, yule wa kucheza mabega, ilibidi tumsukume kwa nyuma mimi na mtaalamu wa viungo, mwanamke mwenye mikono ya kazi, naye alisita katika kila ngazi akimwita Mola wake. Hata hapo sikuelewa.

Daktari alifungua mkutano kwa furaha. Alieleza habari za sukari, za kutembea, za nyumba yenye amani. Aliposema amani alinionyesha mimi kwa mkono, watu wakapiga makofi, nikainama. Kisha akamgeukia yule aliyemdhania Bi Mdogo.

Sasa, huyo aliyeketi pale alikuwa Bi Mkubwa wa kweli, na Bi Mkubwa wa kweli alikuwa mcha Mungu asiyesema uongo. Alikuwa amekubali kuvaa na kukaa. Uongo wa mdomo hakuukubali. Alikuwa ametafuta njia yake mwenyewe ya kupita.

"Hajati," daktari akamuuliza, "asubuhi unamfanyia nini mwenzako?"

"Uji unapikwa," akajibu.

"Vizuri. Unaupika wewe?"

"Unapikwa, na unanyweka."

"Halafu?"

"Miguu inakandwa."

"Na nani?"

"Na mwenye kukanda."

Watu wa ustawi wa jamii walikuwa wakiandika. Mmoja alimnong'oneza jirani yake kwamba mama huyu ni mnyenyekevu sana, hataki sifa. Daktari naye akaona hivyo hivyo, akazidi kufurahi.

"Na chakula? Bi Mkubwa huwa anapenda kula nini?"

Swali hili lilimfaa. Lilihusu Bi Mkubwa, na yeye alimjua Bi Mkubwa kuliko mtu yeyote.

"Halua," akasema.

Yule mwenye mkongojo akakohoa kwa nguvu.

"Zamani, siyo?" daktari akasema.

"Jana. Na juzi. Huwa anaila baada ya alasiri, na kipande anakiweka chini ya mto, kwa dharura."

"Dharura gani?"

"Ya kutamani."

Ukumbi ukacheka, na daktari akacheka nao, ingawa kicheko chake kilichelewa. Akawaambia watu kwamba hii yenyewe inaonyesha nguvu ya kutembea: hata na halua, sukari inatii. Akamuuliza tena mama, je, Bi Mkubwa anatembea kiasi gani?

"Mpaka mlangoni," akasema mama, "kama kuna mtu anagonga."

Daktari akaona ni heri aache maswali, aonyeshe kwa vitendo. Akachukua kimashine cha sukari, akamwendea yule mwenye mkongojo. Kidole kikanyooshwa bila wasiwasi. Akadunga, akasubiri, akasoma kwa sauti. Sukari nzuri kabisa. Makofi yakapigwa, na daktari akatoa pumzi.

Mambo yangeishia hapo kama yule mtaalamu wa viungo asingeinua mkono. Nadhani bado mgongo ulikuwa ukimuuma kwa ile kazi ya ngazini, na alikuwa na wazo lake. Aliuliza, kwa adabu, kama ingewezekana kumpima na Bi Mdogo, ili kulinganisha.

"Wazo zuri," daktari akasema, akabadilisha sindano.

Sindano ile ni ndogo, huioni vizuri bila kuitafuta. Mama yule aliiona tangu mbali. Mtu tuliyemsukuma ngazini watu wawili aliinuka kitini kwa mruko mmoja, akazunguka meza ya daktari, akaingia nyuma ya pazia kubwa la jukwaa. Pazia likavimba mahali alipo.

"Mimi sidungwi," sauti ikasema kutoka ndani ya pazia. "Tulielewana. Mimi ndiye Bi Mkubwa, na Bi Mkubwa hadungwi. Anayedungwa ni yeye."

Ukumbi wote ukageuka kumtazama yule mwenye mkongojo. Akauweka mkongojo chini. Kisha akavua miwani, akafunua nikabu taratibu, na hapo nikaiona ile sura ya Jumatatu, ikitoka jasho, imekaa juu ya mwili wa Jumatano.

"Musawo," akaniambia kwa sauti yake ya kawaida, "usinitazame hivyo. Yale niliyosema kuhusu pilau ni kweli."

Sijui kama umewahi kusimama mbele ya wenzako wote wa kazi huku kichwani unapitia kila salamu uliyobeba. Nilizipitia zote. Nilimbebea mtu salamu zake, nikamletea majibu yake, nikamsuluhisha na nafsi yake, nikampa maji. Nilipofika kwenye ile shingo masikio yakawaka moto. Wenzangu wa kliniki, waliokuwa wameniona nikikunja mikono na kueleza namna ya kuongea na watu, walikuwa wameziba midomo kwa makaratasi ya mkutano.

Daktari aliketi kwenye kile kiti kilichoachwa wazi. Akauliza, bila hasira, ilianzaje. Bi Mdogo akaeleza. Siku ile ya kwanza, Bi Mkubwa alipodungwa kidole alizimia, akaangusha meza ya dawa na yule muuguzi wa zamani. Alipozinduka akaapa kwamba hatarudi. Bi Mdogo akamwambia wasipokwenda watafuatwa nyumbani na sindano nzima. Basi akaamua atakwenda yeye.

"Lakini wewe ulikuwa unakuja Jumatatu tayari," nikasema.

"Jumatano nayo ni siku," akajibu. "Tangu marehemu aondoke, nyumbani kwetu inasikika saa ya ukutani tu. Huko kwenu kuna muziki na watu. Na mimi kidole kimoja cha kudungwa naona ni nauli ndogo." Kisha akaongeza, akiwatazama wale wa ustawi wa jamii waliokuwa bado wanaandika, "Na yeye mwenyewe nikirudi alikuwa akitaka nimhadithie musawo amesema nini. Tulicheka mpaka majirani walikuja kuuliza."

Pazia likathibitisha. "Ile ya machozi ya toba," likasema, "nilicheka nikakosa adhana."

Sasa ilibaki kazi ya kweli, maana nyuma ya pazia kulikuwa na mzee mwenye sukari isiyopimwa na halua chini ya mto. Daktari alibembeleza kwa Kiswahili, akabembeleza kwa Kiganda. Mtaalamu wa viungo alibembeleza. Bi Mdogo alisema atamshika mkono. Pazia halikutoka. Mwishowe likatoa sharti lake.

"Mdungeni kwanza huyo musawo wa suluhu. Nione kama atapona."

Nikanyoosha kidole mbele ya ukumbi. Daktari akadunga, na kwa mazoea ya siku ile akakisoma kimashine kwa sauti, watu wote wasikie. Akakisafisha kimashine kwa tai, akadunga kidole kingine, akasoma tena, mara hii kimoyomoyo.

"Umekula nini?" akaniuliza.

Nikamwambia rolex na soda.

"Soda moja?"

"Na mwenzake."

Akanisogelea. "Hata kwa soda mbili, hii ni nyingi. Jumatatu asubuhi uje kliniki, usile kitu. Uje kama mgonjwa." Alidhani ananong'ona. Alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

Ukumbi ukasema "aaa" kwa pamoja, ile ya huruma. Pazia likatikisika, na Bi Mkubwa akatoka, nikabu imekwenda upande, uso mpana wenye huruma ambao nilikuwa siujui kabisa.

"Maskini," akasema. "Kumbe na yeye anaumwa, na bado anahangaika na ugomvi wa watu." Akaketi karibu nami, akanipapasa goti. Kisha, kwa kuwa hawezi kumwona mtoto wa mtu akiteseka peke yake, akatoa kidole. Bi Mdogo akamfunika macho kwa viganja. Bi Mkubwa akasoma bismillahi, akasoma sura fupi, akaanza nyingine ndefu.

"Bado?" akauliza katikati ya aya.

"Tayari, tangu bismillahi," daktari akasema.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Akakitazama kidole, akakigeuza, akaonekana kama mtu aliyedhulumiwa. Sukari yake ilikuwa juu, juu kuliko yangu. Alipoambiwa hivyo alinitazama kwa upole wa mkubwa kwa mdogo, akaniambia nisijali, na mimi nitafika.

Alianzishiwa vidonge wiki ile ile. Mimi nilipimwa tena nikiwa na njaa, na sukari ikawa ipo kweli, si soda peke yake, ingawa ilikuwa changa bado. Daktari akatuandikia wote wawili ule mpango wake wa kutembea asubuhi, na safari hii akaamua kutembea nasi ili awe na hakika ni nani anayetembea. Ilikuwa kazi. Bi Mkubwa alitaka kiti kibebwe nyuma yake, kwa tahadhari. Daktari alikibeba wiki ya kwanza, mimi ya pili, na tulipopita sokoni wauza ndizi waliuliza kama tunahama. Bi Mdogo alitangulia mbele akisalimia kila mtu, kwa hiyo tulifika kila mahali tukiwa tumechelewa.

Aliyebaki na huzuni alikuwa yeye, Bi Mdogo, maana Jumatano yake ilikuwa imechukuliwa na mwenyewe. Alikuja mara moja kuniuliza kama hakuna ugonjwa mwingine unaopimwa siku hiyo. Nilizungumza na daktari, daktari akafikiri, na tukampa kazi: akae Jumatano pamoja na wanaoogopa sindano. Tulimpa kiti chake karibu na ukuta wa studio, mahali alipopapenda.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mrefu wa kaskazini mwenye kovu shavuni, ambaye kila akiiona sindano alikumbuka kwamba ana shughuli mjini. Bi Mdogo alimshika mkono akaanza kumhadithia habari za jirani mmoja na mbuzi wa shemeji yake. Hadithi ilikuwa ndefu, na nina shaka kama mbuzi huyo alikuwepo. Nilidunga, nikapima, nikaandika majibu, nikamwambia mzee amekwisha. Akanionyesha kwa mkono nisubiri, anataka kujua mbuzi alipatikana wapi.

Wiki iliyofuata alirudi akiwa amenyoa ndevu na kupiga viatu rangi. Nilimkumbusha kwamba majibu yake yalikuwa mazuri, hana haja ya kurudi mpaka baada ya miezi mitatu.

"Wewe dunga tu," akaniambia kwa Kiswahili kilichonusa buti kama changu, akaenda kukaa karibu na ukuta.